Mwendo wa Kabati

Redio ya marehemu baba yetu haikuwa ya kubeba mkononi. Ilikuwa kabati zima la mbao, lina spika nyuma ya kitambaa cha rangi ya dhahabu, na juu lina mfuniko. Ukiufunua unakuta mashine ya kupigia santuri. Nyumbani kwetu, mtaa wa Kikuyu mjini Dodoma, tuliliita Kabati tu. Mama alilipangusa kila asubuhi kabla hajagusa meza ya chakula, na anayelijua vumbi la Dodoma ataelewa huo ni upendo wa aina gani.

Mota ya santuri iliungua mwaka ule ule baba aliofariki. Redio ikaendelea kusema, santuri ikanyamaza. Na kwenye santuri mojawapo ndimo ilimokuwa sauti yake. Alirekodiwa pamoja na kwaya ya vijana alipokuwa akisoma Mvumi, yeye akianzisha, wenzake wakiitikia. Hatukuwa na sauti yake mahali pengine popote.

Sisi watoto wimbo ule tuliukariri kutoka kwenye Kabati. Siku ya mazishi tuliuimba makaburini, na wazee waliowahi kuimba naye wakatuacha nyuma kila mstari. Mimi hasira zangu ziko karibu. Niliwaangalia kwa jicho baya, nikasema moyoni, hawa wanawahi ugali.

"Uso wake ninao kwenye picha," mama aliniambia siku moja tukichambua mlenda. "Sauti ndiyo inanitoka, mwanangu. Naitafuta siipati."

Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia. Nilijisikia vibaya kama binti yake, na vibaya zaidi kama mwalimu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya kuzunguka soko, ambako zamani tulipanga foleni kugombania sabuni, sasa yalimwaga bidhaa za Dubai hadi barazani. Mpiga disko mmoja wa mjini akahamia kwenye sidii, na kaka yangu akachukua mashine yake ya santuri: nyeusi, nzito, ya kisasa, ina taa ndogo na kidude pembeni cha kusogeza, kuongeza au kupunguza mwendo. Kaka alitaka tuiunge na spika mpya, Kabati liende stoo.

"Baba yenu aliimbia humu," mama alisema, mkono juu ya mfuniko. "Mkilitoa hili, nami nitoeni."

Basi kazi ikawa yangu. Niling'oa mashine iliyoungua, nikachonga ubao mpya ili ile ya disko ienee, nikaunga nyaya. Siku ya kwanza kwaya nzima ilisikika kama inaimba ndani ya mtungi uliofunikwa.

"Mwalimu," kaka alisema, "hawa wamefunga leo, hawana nguvu."

Nilimrushia bisibisi. Ilimkosa.

Shida ilikuwa kwamba sindano ya kisasa hutoa umeme mdogo sana, na Kabati lilizoea sindano ya zamani yenye nguvu. Katikati yao panatakiwa kikuza sauti. Nilikitengeneza mwenyewe ndani ya kopo la majani ya chai. Ikaja ngurumo kwenye spika, nikaunga waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, ngurumo ikakoma.

Tulimwita mama Jumapili baada ya kanisa. Aliingia na kitenge chake cha kutokea, akaketi mbele ya Kabati, mikono mapajani. Nikashusha sindano. Sauti ikatoka safi, nyembamba, yenye haraka, na wenzake wakaipokea. Mama akakunja uso.

"Huyu nani?"

"Si ndiye baba, mama," nilisema.

"Baba yenu simjui mimi? Huyu siye."

Nilitaka kulia. Nilikagua mwendo wa mashine, ulikuwa sawasawa. Ndipo nikakumbuka gurudumu la mpira nililoling'oa pamoja na mashine ya zamani, limekwisha, linateleza kama sabuni. Kwa miaka yote ile lilikuwa likiizungusha santuri polepole na kuishusha sauti ya baba, nasi tukadhani ndivyo alivyoimba. Wale wazee makaburini hawakuwa na haraka yoyote. Sisi ndio tuliochelewa.

Nilimweleza mama yote hayo, kwa sauti ya darasani, kwa sababu ile nyingine ilikuwa inatetemeka. Kaka akapeleka mkono kwenye kile kidude apunguze mwendo.

"Acha kwanza," mama alisema. "Rudisha mwanzo."

Akasikiliza tena, kichwa ameinamisha. Taratibu uso wake ukafunguka.

"Ndivyo alivyokuwa alipokuja kwetu Haneti kunichumbia," alisema. "Alizungumza haraka haraka hivi hivi, anamwogopa baba yangu. Jamani! Kumbe alikuwa mtoto!"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nilimpenda sana siku ile, yeye na yule kijana wake mwenye haraka, ambaye mimi sikuwahi kumjua.

Wimbo ulipokwisha hakuinuka. Alinyoosha mkono akagusa ubao wa Kabati, akakitazama kile kidude cha mwendo, kisha akatugeukia.

"Haya, huyo nimemsalimia," alisema. "Sasa nileteeni baba yenu."