Siku Niliyompandisha Mama Mkwe Ngazi za Umeme

Jamani, hili nimelikalia kimya kwa miezi, na mke wangu akianza kulisimulia mbele za watu mimi huwa nanyanyuka kwenda kuangalia kitu nje ambacho hakipo, lakini leo nalisema mwenyewe, maana aibu ni yangu na nimechoka kuikimbia.

Kwanza mnielewe. Mimi ni Mgogo, mke wangu ni Mgogo, na nilivyolelewa mimi mkwe si mtu wa kumzoea. Katika miaka tisa ya ndoa uso wa mama mkwe nilikuwa nimeuona labda mara mbili, tena kwa bahati mbaya. Tukikutana njiani mmoja anapisha, yeye anajitanda kanga mpaka machoni na mimi natazama miti. Hatuli pamoja, hatupeani mikono, jina lake silitamki (hata hapa hamtalisikia), na tukiwa na neno la kuambiana tunamtumia mtoto, hata kama tumeachana hatua nne. "Mwambie baba yako maji ya kuoga tayari." "Mwambie bibi nashukuru." Mtoto wala hasogei, anageuza shingo tu. Wenzangu wa ofisini waliotoka mikoa mingine hucheka sana, nami nilikuwa nawajibu kwamba hiyo ndiyo heshima, nyie mmeshapotea.

Sasa mama mkwe akaja kututembelea mjini kwa mara ya kwanza, kutoka kijijini kwao huko mbele ya Bahi. Ni mjane, analima mwenyewe uwele na karanga, na alichotaka ni kimoja tu: kuyaona haya makao makuu anayoyasikia kila siku redioni. Tukapanga Jumamosi tutoke familia nzima. Asubuhi yake mke wangu, ambaye ni muuguzi, akapigiwa simu akashike zamu ya mwenzake anayeumwa.

"Tuahirishe," akasema.

"Tuahirishe mpaka lini? Kesho mama anarudi, palizi imeanza. Nitawapeleka mimi."

"Wewe na mama? Mtaongeaje?"

"Rehema yupo," nikasema. Rehema ni binti yetu, ana miaka sita.

Mke wangu akachukua mkoba wake akaenda kazini. Pale ndipo nilipoharibu.

Tukakodi bajaji. Mama mkwe na Rehema wakakaa nyuma, mimi nikabanana mbele na dereva, kalio moja ndani na jingine likitazamwa na Dodoma nzima, maana kukaa kiti kimoja na mkwe haiwezekani. Na kusema kweli tulianza vizuri. Tulisimama barabarani kuliangalia Bunge kwa mbali, nikasikia Rehema ananiambia, "Baba, bibi anauliza, humo ndimo wanamogombana?" Nikamwambia mwambie ndimo. Tukaenda kuiona stesheni ya treni ya umeme, tukapanda mpaka Chimwaga kwenye chuo kikuu, na bibi akauliza watoto wote hawa wanapikiwa na nani. Mimi nilikuwa natembea mbele nimenyoosha mkono, naeleza majengo kwa sauti ya kuhutubia, sigeuki nyuma, na moyoni najiona mkwe wa mfano.

Saa saba hivi jua likawa kali na Rehema akalala. Nikambeba begani. Hapo mtu mwenye akili angesema tumeona vya kutosha, turudi nyumbani, lakini mimi nikakumbuka kuna jengo jipya la maduka mjini (jina niliache), ukipanda juu unauona mji wote mpaka milimani, nikataka siku iishie hapo. Nikasema hewani tu, bila kumwelekea mtu, "Twende tukamalizie pale." Nyuma yangu nikasikia ndala zake zinanifuata.

Ndani ya lile jengo kuna ngazi za umeme. Mimi nilishazizoea, nikakanyaga, zikaanza kunipandisha na mtoto begani. Mama mkwe akakohoa.

Naomba hapa nisiseme uongo. Mtu mzima wa kwetu akikohoa vile nyuma yako anakuambia simama. Akakohoa tena, na mara ya tatu kwa nguvu, na mimi nilikisikia kila kikohozi. Lakini kugeuka pale kwenye ngazi maana yake ni kumtazama mkwe usoni, tena mimi nikiwa juu yake, na mtoto wa kumtuma amelala. Nikajiambia atawaangalia wenzake atapanda. Alipanda. Nikasikia ndala inaburuzika, watu wakapiga kelele, halafu kishindo.

Niligeuka. Alikuwa amelala ubavu chini kabisa, kanga imemtoka kichwani, mkono umemkunjikia chini ya mwili, na mtu mmoja alikuwa amezizima zile ngazi. Nikashuka mbio mpaka pale alipo, nikabakiza hatua mbili, nikasimama. Mikono nilikuwa nimeinyoosha. Haikwenda. Nikatazama dari, ndugu zangu. Mama wa watu yuko sakafuni anagugumia kwa maumivu, na mimi mwanaume mzima nimemkumbatia mtoto natazama taa za kwenye dari.

"Wewe kaka, si uko naye? Mwinue mama!" dada mmoja muuza viatu akanifokea. Akatoka dukani kwake, akapiga magoti, akamwinua yeye, akamfunika kanga vizuri kama anayeijua mila yetu.

Watu wakajaa. Mlinzi akaja akaniuliza, "Huyu ni nani yako?"

"Mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

Nikamhamishia mtoto bega la pili.

"Nakuuliza jina la mama. Humjui jina?"

"Namjua. Siwezi kulitaja."

Vijana wakacheka, mmoja alishatoa simu anarekodi. Mlinzi akaanza kunitazama kama mwizi wa vikongwe, akanishika mkono wa shati. Nikampigia mke wangu mara tatu, hakupokea, yuko wodini. Mwishowe nikaomba kalamu, nikaliandika jina lile kwenye kiganja nikamwonyesha, naye akalisoma kwa sauti mbele ya umati wote ule. Mama mkwe akafumba macho. Mimi nilitokwa na machozi, na sioni haya kulisema hilo.

Yule muuza viatu ndiye aliyempeleka hospitali, wakiwa nyuma ya bajaji wameshikana, mimi mbele na dereva. Mkono ulikuwa umevunjika karibu na kiganja, akafungwa hogo, ile plasta ngumu. Mke wangu alipofika nikamweleza kila kitu, pamoja na kikohozi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulimsikia?" Nikasema nilimsikia. Akaenda kukaa na mama yake.

Palizi ile alipalilia nani? Mimi. Nilichukua likizo nikaenda kijijini, nikalima shamba lake mpaka malengelenge yakapasuka, huku yeye amekaa mlangoni na mkono wake umefungwa shingoni, amenipa mgongo kama inavyotakiwa. Nilidhani nikimaliza shamba nitapumua. Lakini siku ya pili wazee wakaanza kupita pale shambani mmoja mmoja. "Mbukwenyi," wananisalimu, wananipa mkono, wanausukasuka. Wa tatu ndiye aliyenieleza.

"Mama ametusimulia," akasema. "Alianguka mjini, watu wote wakamrukia, lakini mkwe wake hakumgusa wala hakumtazama. Anasema hakujua kama mkwe wa namna hiyo bado yupo duniani."

 Nikainama nikaendelea kupalilia.

Mpaka leo mama mkwe ananisifu, kanisani, kisimani, kwenye misiba, na kila sifa ikinifikia nakisikia kile kikohozi cha tatu. Nimeapa, na mke wangu ni shahidi: siku nyingine mama mkwe akiteleza mbele yangu nitamkamata kwa mikono yote miwili, nimtazame usoni, nimwite kwa jina lake, na mbuzi wa faini ya kuvunja mwiko nimpeleke mwenyewe. Kibaya ni kwamba hiyo siku haitakuja. Amesema mjini harudi tena, na kule kijijini hakuna ngazi.