Aliyemkataza Mwenzake Kwenda Hospitali

Saa mbili asubuhi, Chuma anasukuma toroli la mashuka machafu kuelekea chumba cha kufulia cha hospitali. Amevaa buti za mpira na glavu ndefu. Mashuka yenye damu anayatenga na kuyaloweka kwenye maji baridi.

"Ukiyatia maji ya moto, doa haling'oki ng'o," anasema.

Ana miaka thelathini na mbili. Kumi kati ya hiyo iliishia kwenye genge la mtaani kwao, na ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

"Hospitali tuliiogopa kuliko polisi," anasema huku akicheka. "Mtu akichomwa kisu tunammwagia pombe kali, tunamfunga kitambaa, yamekwisha. Kuumwa ilikuwa aibu. Halafu nani alikuwa na mpango wa kufika thelathini, hata ahangaike na vidonge?"

Kicheko kinakatika anapomtaja Spidi, rafiki yake aliyewashinda wote kwa mbio. Spidi alianza kukohoa. Miezi minne baadaye, ngazi tu zilimtoa pumzi, suruali ikashikiliwa na kamba. Siku moja akasema anataka kwenda kupimwa.

"Nikamwambia, 'Nenda, ila usirudi hapa.' Niliona daktari atauliza makovu yametoka wapi, naye atatutaja. Akabaki. Alinisikiliza mimi kuliko mama yake."

Kifua kikuu kilimuua Spidi akiwa na miaka ishirini na moja. Wiki tatu baada ya mazishi, Chuma naye akakohoa damu. Dada yake mkubwa hakumbembeleza. Alimkokota hadi kliniki. Dawa alipewa bure, akazimeza miezi sita, akapona.

"Nesi aliniuliza mambo mawili tu: unakohoa tangu lini, na umekula? Makovu wala hakuyatazama."

Anakamua shuka ambalo ameshalikamua.

Akitoka kazini hupitia kijiweni. "Mzee wa mashuka, umekuja kutupima homa?" vijana humtania. Naye hucheka nao, lakini mwenye kikohozi hamwachi. Mwaka huu amewapeleka wanne. Wawili wameacha dawa njiani.

Bado jambo moja limemkaa kooni. Mama yake Spidi humwita "mwanangu" na humshukuru kila wakutanapo, kwamba alikuwa rafiki wa kweli wa marehemu. Hajui ni nani aliyemzuia mtoto wake.

"Dada anasema nikimwambia ukweli nitamtonesha kidonda bure. Labda. Ila Jumapili nitaenda," anasema Chuma. "Akinifukuza, nitaondoka. Lakini asinishukuru tena."