Mama Hodi na Siri ya Nyumba ya Seremala

Mtaa wetu unamwogopa Mama Hodi kuliko mwizi. Mwizi akiingia kwako, majirani hukuonea huruma. Akiingia Mama Hodi, huanza kuulizana una ugonjwa gani. Ni mhudumu wa afya ya jamii: huwatembelea wagonjwa mahututi waliorudishwa nyumbani, akawageuza, akawaosha vidonda, akahakikisha dawa zinanywewa. Ndiyo maana kila mwenye mgonjwa humwomba avue kizibao chake cha kazi kabla hajakata kona, aje kama mgeni wa kawaida. Naye hukivua, kisha hupiga hodi kwa sauti inayofika mpaka kwenye mashine ya kusaga. Huyo mama mdomo wake haujui kufungwa.

Jirani yangu seremala alipopata saratani ikaingia mifupani, siri ikawa lazima. Kaka yake mkubwa tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hata akikaa na mtu mmoja hufungua kikao. Aliamua mgonjwa asiambiwe kwamba hatapona. Zahanati ilikuwa imetoa mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali. Mwenyekiti akaifungia kabatini.

"Hiyo wanapewa wanaokwenda zao," alisema. "Tukimpa, atajua."

"Atajua nini?" Mama Hodi akamaka. "Mtu ana saratani, si upofu!"

Lakini mke wa seremala naye akamshika mkono. "Dada, nakuomba usimwambie. Atakata tamaa."

Chumbani, seremala alikuwa ameuma shuka ili asilie. "Dada," akamnong'oneza, "mimi najua nakufa. Ila mke wangu asijue. Atakata tamaa."

Haya yote Mama Hodi alinisimulia mwenyewe uani, akiwa anafoka. Mwanamke asiyeweza kutunza siri moja kabebeshwa mbili, tena pacha. Nami nilipandwa na hasira. Mtu mzima anauma shuka ili kulinda siri ambayo mpaka kuku wa nyumba ile wanaijua!

Mama Hodi akarudi ndani, akaweka kiti mbele ya kabati na kuapa haondoki. Mwenyekiti akapendekeza wajadiliane. Mama Hodi akalipiga kabati ngumi mpaka vikombe vikaanguka. Likafunguliwa.

Seremala akanywa dawa, akalala. "Ana usingizi wa siku nyingi," Mama Hodi akawaambia. "Mwacheni alale." Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Tatizo ni kwamba tangu augue hakuna aliyewahi kumwona akilala bila kuguna. Shangazi yake akachungulia mlangoni, akaona uso umetulia, akaangua kilio. Hakuna aliyemgusa kuhakikisha. Mwenyekiti, ambaye misiba humtia nguvu, alikuwa ameshaagiza turubai na viti kabla mke wa seremala hajatoka jikoni. Mimi mwenyewe nilibeba viti huku machozi yakinitoka.

Mama Hodi akaja mbio, safari hii bila hodi. Akaweka kiganja kifuani mwa mgonjwa. "Anapumua, wajinga nyie!"

Seremala akafumbua macho. Kupitia dirishani akaona turubai. "Nani kafa?"

"Jirani," shangazi akajikakamua.

"Jirani yupi?"

Wote wakanitazama mimi, niliyesimama mlangoni na kiti kichwani.

Seremala akamgeukia mkewe. "Turubai ni langu, siyo?"

Mwenyekiti akakohoa, dalili ya hotuba. Mke akamwahi. "Ni lako, baba watoto."

Mama Hodi akatusukuma nje sote, akaufunga mlango, naye akabaki huku nje na sisi. Alikuwa amenyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Tukavikalia vile viti, kwani vilikwishaletwa. Kule ndani wawili wale walikuwa wanalia kwa sauti, bila kufichana tena, na mimi nilisikia uchungu na nafuu kwa pamoja.

"Ulijua tangu lini?" mke akauliza.

"Tangu ulipoacha kunigombeza."

Akaanza kumgombeza palepale: kwa nini aliumia kimyakimya, kwa nini alimfanya yeye mtoto mdogo, kwa nini hakusema! Na seremala, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, akawa anaitikia tu, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama."