Programu Isiyo na Mwenyewe

Jumanne nilikuwa katika ofisi moja hapa Uvira, nimekaa na wengine nikingoja muhuri. Mbele ya meza alisimama mama mmoja, fundi wa kompyuta, akimweleza shefu wa ofisi kazi aliyotaka kuifanya. Kompyuta ya ofisi itachukua habari za mvua ya milimani kutoka mtandaoni, ili watu wa kando ya mto Mulongwe waonywe kabla haujajaa. Programu inayokwenda kuzichukua ni ya bure, na yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha.

Shefu aliweka kalamu chini. "Na mwenyewe ni nani?"

"Ni watu wengi, shefu. Kila muntu anaiandika akiwa kwake."

"Weye unawajua?"

"Hapana."

"Sasa ikiharibika, tutamuita nani?"

Mama aligeuza kompyuta, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Ilishaharibika, ilikuwa inasoma tarehe vibaya. Minye niliitengeneza, nikawatumia, wakakubali. Jina yangu iko hapa."

Shefu alivaa miwani, akalisoma jina polepole, akasaini kibali cha kazi hiyo.

Mara nyingi tunamuulizia mwenye kitu ili tujue wa kumlaumu. Safari hii mwenyewe alikuwa mbele yetu, na sisi tuliokaa, hakuna aliyempisha kiti.