Mchi wa Titani

Bomba nililifunga kwa mikono yangu, hilo nalishuhudia. Kwamba lilishushwa chini ya bahari, niliambiwa. Kwamba lilipotea, niliambiwa pia, na aliyeniambia ni mtu mwaminifu, lakini kuambiwa na mtu mwaminifu bado ni kuambiwa. Namwomba msomaji asiyachanganye mambo haya, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kushawishiwa niyachanganye, mbele ya kadamnasi, huko Mkange, kwa sababu ya kisamvu.

Kazi yangu ilikuwa jiofizikia, na ndani ya jiofizikia nilishughulika na jambo moja tu: chemchemi za moto zilizo kwenye sakafu ya bahari. Huko chini maji baridi hupenya kwenye nyufa za miamba, hupashwa moto na joto la ardhi, kisha hutoka tena yakifuka mithili ya moshi. Mtu aliyezaliwa Bagamoyo hukua akizijua saa za maji kujaa na kupwa kama anavyozijua saa za sala. Kwa hiyo nilidai, nikiwa bado kijana, kwamba hata chemchemi zile hufuata kujaa na kupwa, na kwamba joto lake hupanda na kushuka pamoja na bahari iliyo juu yake. Ushahidi wangu ulikuwa vipimo vya siku tisa. Wahakiki walinijibu kwamba vipimo vya siku tisa havina tofauti na uvumi. Walikuwa sahihi. Nami nimewajibu wengine vivyo hivyo, bila huruma.

Ili nipate vipimo vya mwaka mzima nilitengenezewa bomba la titani, metali isiyoshika kutu, lenye urefu wa hatua moja na unene wa kifundo cha mkono. Ncha yake ilipima joto. Ndani yake mlikuwa na betri na kumbukumbu ya kielektroniki, na juu yake lilifungiwa boya la manjano la kulielesha pindi tutakapoliita kwa mlio kutoka melini. Tukiwa bado bandarini nilikwaruza alama upande wa ndani wa kifuniko, kwa ncha ya bikari, kisha nikakifunga. Kulishusha sikukuona. Nilikuwa kitandani nimekumbatia ndoo. Si jambo la kujivunia: nimeitumikia bahari kwa miongo minne, na katika miongo hiyo sikuwahi kusimama wima melini nchi kavu ikishapotea machoni. Mwenzangu wa safari alikuja mlangoni akasema, "Limefika chini salama." Mwaka uliofuata tulirudi kulichukua, nami nikiwa na ndoo, akaja tena mlangoni akasema, "Haliitiki."

Dai langu likabaki la siku tisa hadi nikastaafu.

Msimu wa vuli uliopita nilikwenda Mkange kwenye hitma ya ndugu wa mbali. Nikitafuta maji ya kutawadha nilijikuta uani kwa jirani, ambako bibi mmoja mjane alikuwa akitwanga. Kinu kilikuwa cha mti. Mchi ulikuwa wa kijivu, unang'aa, na ulilia kwa sauti ambayo mti hauwezi kuitoa. Kando yake kuku walikunywa maji katika nusu ya boya la manjano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea choo?"

Nina miaka sabini na minne. Alikuwa na haki ya kuniita hivyo, kwa kuwa alinizidi kwa mingi. Nilimwuliza mchi ule aliupata wapi.

"Baharini."

"Ulimwona aliyeutoa?"

"Marehemu mume wangu alikuja nao begani, na hilo dude la manjano akalivuta kwa kamba."

"Kwa hiyo hukuuona ukitoka baharini."

Aliusimamisha mchi ndani ya kinu. "Baba, nikiletewa samaki huwa sianzi kufuatana naye kutoka majini."

Nilimweleza kwamba huenda mchi ule ni chombo changu, na kwamba ndani yake huenda mna jibu nililolitafuta maisha yangu yote. Akanijibu kwamba ndani ya mchi hamna kitu, angekuwa amekisikia, kwani ameutwangia miaka mingi, kila siku ila Ijumaa. Ijumaa ni wali.

Baada ya hitma jambo lilifikishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, barazani kwake. Huyu alieleza kwamba kwa desturi ya hapo, kilichotupwa na bahari ni cha aliyekiokota, mpaka atokee mtu wa kuapa kwa Msahafu kwamba alikiona kikipotea. Mahali ilipoandikwa desturi hiyo sijapaona. Hata hivyo niliikubali, kwa kuwa ilidai ushahidi wa macho, na hapo ndipo nilipojinasa.

"Basi apa, Profesa, tukale," mwenyekiti alisema.

"Siwezi. Sikuliona likipotea."

"Si ulikuwa melini?"

"Nilikuwa melini, natapika."

Baraza zima liliangua kicheko. Bibi alijifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mtoto wa Bagamoyo huyu! Bahari imemtapisha, mchi anautaka."

Fundi wa pampu kutoka Msata, aliyekuja hitmani na begi lake la vifaa, alinihurumia. "Mimi nitaapa. Nililiona likizama."

"Ulikuwa na umri gani?" nilimwuliza.

"Nilikuwa nakua."

"Katika bahari ipi?"

"Si hiihii? Kwani zipo ngapi?"

Mwenyekiti alikuwa tayari kumpokea shahidi huyo. Nilimkataza. Nilisema kwamba ninaloweza kuliapia ni moja: kama bomba ni langu, upande wa ndani wa kifuniko mna mistari mitatu na kitone, niliyoikwaruza mwenyewe. Kifunguliwe. Alama isipokuwepo, nitasimama msikitini siku ya Ijumaa niwaambie watu kwamba nimesema nisilolijua. Ikiwepo, nitachukua vilivyomo, na bomba tupu litarudi kwa bibi.

Bibi alikubali kwa sharti lake. "Mchana unaingia na kisamvu hakijaiva. Kama ni chako, twanga."

"Bibi, hakikutengenezwa kutwangia."

"Miaka yote hii kimetwanga, leo ndiyo hakikutengenezwa?"

Nikatwanga. Nilivua koti, nikatwanga kinu kizima, huku mwenyekiti akisimama na Msahafu kwapani na wanawake wakinielekeza jinsi ya kuinama. Bibi alichungulia, akasema nimeyatesa majani bure, akamalizia mwenyewe.

Ndipo fundi akafungua begi. Kifuniko, kilichokuwa upande wa juu wa mchi, kiligoma, kisha kikalegea. Nilikipokea nikakigeuza kwenye mwanga. Mistari mitatu. Kitone kimoja.

Bibi alikichukua, akakitazama karibu, kisha mbali. "Kumbe ndicho hiki? Kuku wangu huchora vizuri zaidi."

Betri zilikuwa zimegeuka unga mweupe, kwa hiyo niliomba kuondoka na bomba nikalisafishe kwanza. Kumbukumbu ilikuwa kavu, nayo ilinukia kisamvu. Bibi aliifunga kwenye kipande cha kanga safi, nami nikaituma ng'ambo kwa yule mwenzangu wa safari, ambaye bado ana mashine ya kuisoma.

Ameniandikia. Anasema imesomeka, na kwamba kwa mwaka mzima joto la chemchemi lilipanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa, kama nilivyodai. Ameambatisha mchoro. Anasema pia kwamba mwishoni, kabla ya betri kuisha, mna wiki kadhaa za jambo asilolielewa: kila siku, kabla ya adhuhuri, joto hupanda kidogo kwa muda mfupi, kisha hushuka, na siku ya saba halipandi. Anauliza ni chemchemi gani duniani inayopumzika siku moja kwa juma, na anapendekeza tuandike makala.

Nimeusoma mchoro ule mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Umechorwa na mkono mwingine, kutoka kwenye mashine ambayo sijaiona, juu ya bahari niliyoipita nimelala. Sijamjibu.

Jumamosi iliyopita nilirudi Mkange na bomba tupu, kama nilivyoahidi, na kipimajoto changu mfukoni. Bibi alilipima uzito kwa mikono miwili, akalalamika kwamba nimelipunguza, kisha akasomba majani. Nilitumbukiza kipimajoto kinuni kabla hajaanza, na tena alipomaliza. Joto la kisamvu lilikuwa limepanda kwa nyuzi mbili.