Gorogoro la Mahindi Meupe

Kazi yangu ilikuwa kutafuta sumu kwenye mahindi. Kiwanda cha unga kilikuwa Mlolongo, na maabara yenyewe ni chumba kimoja kinachonuka spiriti. Unasaga, unaloweka, unachuja, unatia tone la dawa, kisha unaingiza kichupa kwenye mashine yenye taa ya zambarau. Sumu ya ukungu huioni wala huionji, lakini ikikutana na ile dawa chini ya taa, inawaka buluu. Kama haipo, giza tupu. Niliringa na kazi hiyo, wacha niseme ukweli.

Mwaka huo mvua iliwakuta watu wa kwetu Kivaa wakivuna. Mama aliogopa wezi, akaingiza mahindi ndani yakiwa bado mabichi, akayarundika kando ya kitanda. Kisha redio ikaanza kusema watu wanakufa kwa mahindi yaliyooza. Akanipigia kutoka simu ya dukani.

"Niko na gunia tatu tu za kunifikisha msimu ujao. Nile ama nitupe?"

"Usile bado, mwaitu. Nitumie mkebe mmoja tu, gorogoro moja, nipime."

Nilimwita mwaitu, mama yangu, tangu nijue kusema. Gorogoro likafika. Mahindi meupe pe, hata vumbi hayana. Nikapima mara mbili. Giza, giza. Nilikimbia kwenye simu nikapiga kelele kama mwendawazimu: "Kula, mwaitu! Kula bila wasiwasi!" Akacheka, akamwambia mwenye duka kwamba kumbe alisomesha mtu.

Wiki chache baadaye niliitwa hospitali, Machakos mjini. Yesu wangu! Macho ya mama yalikuwa ya manjano, tumbo limevimba, mikono imebaki mifupa. Nilijua kabla daktari hajafungua mdomo.

"Mwaitu, yale uliyonitumia yalitoka kwa gunia lile lile unalokula?"

"Lile lile." Akatabasamu. "Lakini nilichagua siku mbili, mwana wakwa, punje kwa punje. Ningewapelekea wakubwa wako zile zenye ukungu wa kijani, nikuaibishe? Hizo niliosha, nikapika mimi."

Kazini, mkulima akileta mahindi aliyoyachambua nyumbani, nilimrudisha papo hapo. Kwa mama yangu sikuuliza hata swali moja.

"Na mashine ilisema nini tena?" Alitaka kusikia kwa mara nyingine.

"Ilisema ni safi, mwaitu."

"Basi msiyatupe. Wageni wakija, wapikieni muthokoi."

Wageni walikuja siku ya tano, kumzika. Akina mama walikuwa tayari wameweka kinu uani, wayatwange mahindi yatoke maganda kwa ajili ya muthokoi. Niliwanyang'anya yale magunia nikayamwagia mafuta ya taa mbele yao. Walinitukana, na ni haki yao, nachoma chakula watu wakiwa na njaa. Niliwaambia yana sumu. Sikuwaambia kwamba mimi ndiye niliyemwambia ale.