Siku Mama Alipoijibu Kefule

Juzi jirani yangu alimfumania paka juu ya samaki wake. "Kefule!" akamwambia, na mie nikaacha kukuna nazi nikacheka peke yangu. Siku nyingi sikuwa nimelisikia neno hilo. Sijui nitalieleza vipi, kusoma kwangu kuliishia njiani. Si tusi, lakini afadhali tusi. Likitamkwa sawasawa kidevu kinapanda, mdomo unapinda, na aliyeambiwa anajiona mdogo kama punje ya mtama.

Sisi watoto tulikatazwa kabisa kulisema. Aliyelileta nyumbani kwetu, mtaa wa Malindi mjini, ni shangazi Mize, dada yake baba, mtu wa shamba, Makunduchi. Alikuja mjini kututembelea, mama akampikia boko-boko, ngano na nyama zinazosongwa mpaka zikashikana. Shangazi akaonja, akaweka kijiko chini.

"Kefule! Wifi, huu ndio upishi wa mjini?"

Niseme haki: lile boko-boko liliungua chini, harufu ya moshi tuliisikia sote. Lakini haki nyingine ni kwamba mama alilisonga tangu alfajiri mpaka mikono ikamuuma. Alikusanya sahani tu, na tangu hapo safari za Makunduchi zikakatika. Niliyeumia ni mimi. Kwa shangazi nilikuwa nalala kitandani kwake, naogelea mpaka vidole vinakunjana. Kila nikisali nilimwomba Mungu mama akubali turudi.

Ikafika siku ya Mwaka, mwaka mpya wa jadi, ambayo watu wa Makunduchi hutoleana vinyongo uwanjani. Baba alibembeleza sana. Mama akavaa buibui lake, tukaenda.

Uwanjani wanaume walikuwa wanapigana kwa mashina ya migomba, utomvu unaruka, ndugu na ndugu wanatandikana huku wanacheka. Wanawake walizunguka kwa nyimbo za kuzodoana. Shangazi alikuwa mbele, kanga kaifunga kiunoni. Alipotuona tu, akaanza kuimba kwamba wifi yake wa mjini anapika moshi.

Nikamshika mama mkono kwa nguvu. Nilijua yamekwisha, hapa hatuji tena.

Mama akauachia mkono wangu. Kidevu kikapanda.

"Kefule! Weye Mize, mikate yako hata kuku anaisusa!"

Vigelegele vikapigwa.

"Kefule weye, mwembamba kama ufito!" shangazi akamrudishia.

"Kefule! Unakoroma mpaka mbuzi wanaamka!"

Hilo la kukoroma ni kweli, nilikuwa nikilala naye. Wakaendelea hivyo, buibui la mama limeshuka mabegani, mpaka shangazi akachuchumaa kwa kicheko.

"Basi wifi, umenipata. Twende tukale."

"Mikate ile ile?"

"Ile ile. Utaitafuna hivyo hivyo."

Walikula sinia moja, na mama akaomba mkate mwingine. Usiku ule nililala kitandani kwa shangazi, na mbuzi waliamka kweli.

Miaka mingi nilibishana na ndugu zangu nani alishinda. Sasa nami nina mawifi, na nnaona tulikuwa tunauliza siyo. Shina la mgomba lina kishindo kikubwa lakini halivunji mfupa, na pale uwanjani kefule nayo ilikuwa hivyo. Jikoni kwetu mama alikuwa mwenye nyumba, hakuweza kumjibu mgeni. Nadhani shangazi aliuimba ule wimbo makusudi, ili mama apate pa kujibia. Huenda nampa sifa asizostahili. Lakini nakumbuka alivyokuwa akituangalia alipoanza kuimba: alikuwa tayari anacheka.